Hiyo 14 uloikopi siyo ya kompyuta yako: kori za prosesa na simulata ya ndege

Mpwa wangu wa Chake kanipigia juzi baada ya isha, hata shikamoo haijakaa sawa kashaanza, "Mjomba, hii kompyuta ina nguvu imezificha." Nikamuuliza vipi, akanambia akirusha Caravan, ile ndege ndogo, kwenye simulata (programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta) kutoka Unguja kwenda Pemba mambo shwari kabisa, Tumbatu anaiona kushoto kwake, bahari inapita chini, picha laini haina tatizo. Lakini akichukua ndege kubwa akaipeleka London, akiwa anashuka uwanja wa Heathrow tu picha inaanza kugandaganda, inasimama, inaruka, inasimama tena, na pale pale kwenye kushuka ndo unapotaka mkono wako na macho yako viende sawa. Akifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonesha kompyuta inatumika kiasi gani, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inamwambia inatumika asilimia 30. "Sabini nzima imekaa bure mjomba, naitoaje?"

Suali hili naulizwa sana na vijana wanaorusha simulata, na jawabu wanazopata kwengine nyingi ni namba tupu za kuandika kwenye faili la setingi la simulata, weka 14, weka 84, weka 244, bila ya mtu kukaa akaeleza hizo namba zinasema nini. Namba usiyoijua maana yake inaweza kukuacha pabaya kuliko pale ulipoanzia, na mpwa wangu ndo yaliyomkuta, tutafika huko.

Tuanze na hiyo asilimia 30 maana ndo inayowadanganya wengi. Chukua msimu wa karafuu. Wachumaji wako juu ya mikarafuu tokea asubuhi, jioni watu wanakaa wanachambua kutoa makonyo, afu karafuu zote zinakuja mahali pamoja na mtu mmoja ana pishi mkononi anampimia kila mchumaji ijulikane kachuma pishi ngapi. Sasa mwenye shamba akiona foleni ya kupima ndefu akaongeza wachumaji kumi, foleni itapungua? Itazidi, kwa sababu pishi ni moja na mkono unaopima ni mmoja. Na ukipita pale jioni ukatazama watu wote kwa pamoja utasema mbona wengi wamekaa tu, kumbe hawakukaa kwa uvivu, wanamngoja mpimaji.

Simulata ya ndege iko hivo hivo. Ndani ya prosesa kuna kori, nne, sita, nane, kila moja inaweza kufanya kazi yake peke yake, na programu inagawa kazi zake kwa mafungu yanayoitwa thredi. Lakini kuna thredi moja kuu, mpimaji wetu, ambayo kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, lazima ipite mikononi mwake. Inasoma joystiki yako, inahesabu upepo unaipiga vipi bawa, inaisogeza ndege, inazisogeza ndege nyengine zote zilizoko angani na zinazotembea uwanjani, inabadilisha saa na mishale kwenye dashibodi, inaangalia nini kinaonekana dirishani, afu ndo inaipa amri kadi ya grafiki ichore. Na mambo haya yana mpangilio, huwezi kuchora mlima kabla hujajua ndege iko wapi, huwezi kujua ndege iko wapi kabla hujahesabu upepo. Ukitaka fremu 30 kwa sekunde basi mzunguko wote huo una milisekunde 33 tu, ukitaka 60 una 16 na kitu. Ikichelewa mara moja ikachukua 80, jicho lako limeshaona mgando.

Ndo maana Unguja inakwenda na London haiendi. Ramani ya kawaida ya kwetu nyumba zake chache, ndege za kuwekwa na simulata zenyewe chache, mpimaji ana karafuu kidogo. Heathrow ndege zimejaa, majengo yamejaa, na ndege kubwa yenyewe ina kompyuta zake za ndani za kuhesabiwa. Kadi ya grafiki wala haina kosa hapo, inakaa inangoja amri.

Sasa turudi kwenye asilimia. Prosesa ya mpwa wangu ina kori nne lakini Windows inaziona nane, sababu yake ntaieleza. Mia ukigawa kwa nane unapata 12.5. Maana yake thredi kuu ikiwa imejaa kabisa, haina hata pumzi, kwenye hesabu ya jumla inaonekana 12.5 tu! Ukiongeza thredi ndogondogo za kupakia ramani na sauti unafika hiyo 30. Kwa hiyo 30 hapo inakwambia mpimaji kazidiwa. Na hata ukigeuza ile picha ya Task Manager ikuoneshe kila kori peke yake unaweza usiione iliyofika mia, kwa sababu Windows huihamisha thredi kutoka kori hii kwenda ile, mzigo ukaonekana umetawanyika, na ni ule ule mmoja unahamahama.

Mhandisi mmoja wa Marekani, Gene Amdahl, aliliweka jambo hili wazi mwaka 1967: kama nusu ya kazi lazima iende kwa foleni, basi hata ukiwa na kori elfu moja hutofika mara mbili ya kasi ya mwanzo. Mie hesabu hii nnaipenda kwa sababu inamwokoa mtu na pesa zake. Anayenunua kwa ajili ya simulata bora apate kori chache zenye kasi kuliko nyingi za polepole, na hili linawahusu hasa wanaonunua mtumba Darajani, wanaoneshwa mashine ya ofisini yenye kori kumi na mbili za taratibu wakaambiwa hii ndo mnyama.

Tuje kwenye hiyo namba. Flight Simulator X ya Microsoft, kwa kifupi FSX, ilitoka Oktoba 2006, wakati kori mbili ndo kwanza zinaingia majumbani, na ilijengwa kwa fikra kwamba kasi ya kori moja itaendelea kupanda. Haikupanda vile, viwanda vikaanza kuongeza idadi ya kori badala yake. Mei 2007 likatoka sasisho la kwanza lililoifundisha simulata kutumia kori nyengine kwa kupakia picha za ardhi na kutandaza miti na nyumba. Thredi kuu ikabaki moja. Prepar3D, simulata ya Lockheed Martin, ilizaliwa kutokana na msingi ule ule, ndo maana haya nnayoyasema yanazihusu zote mbili.

Simulata hizi mbili zina faili la setingi, kwa FSX linaitwa fsx.cfg, liko ndani ya AppData, folda ambayo Windows inaificha kwa hiyo washa kwanza kuona vilivyofichwa. Ndani yake unaweza kuandika sehemu ya [JOBSCHEDULER] na chini yake mstari wa AffinityMask= na namba. Namba hiyo ni cheti cha ruhusa: kori gani simulata iingie, kori gani isiguse. Kazi yake ni hiyo tu, haiongezi nguvu hata chembe.

Cheti chenyewe kinasomwa hivi. Kila kisanduku unachokiona kwenye Task Manager kina thamani yake, kinaanzia sifuri, na thamani inakwenda ikijizidisha mara mbili. Kisanduku 0 ni 1, kisanduku 1 ni 2, kisanduku 2 ni 4, cha 3 ni 8, afu 16, 32, 64, 128, na kuendelea. Unachagua visanduku unavotaka, unajumlisha thamani zake, jumla ndo namba yako. Basi, hakuna siri nyengine. Kwenye prosesa ya kori nne ukitaka zote unajumlisha 1 na 2 na 4 na 8 unapata 15. Ukitaka kuiacha ya kwanza unapata 14.

Na hii 14 ndo ilotembea dunia nzima. Ilikuwa na sababu yake: kisanduku 0 Windows hupenda kukitwisha kazi zake nyingi na za madereva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta), na thredi kuu ya FSX hukaa kwenye kisanduku cha kwanza ulichokiruhusu. Kwa hiyo ukifungia 0, thredi kuu inahamia 1, ikapata utulivu. Kwa prosesa ya kori nne za kweli, visanduku vinne, fikra nzuri.

Lakini sasa tuseme Hyper-Threading. Tokea 2002 Intel walianza kuuza prosesa ambazo kori moja inajionesha kwa Windows kama mbili. Ni mpimaji mmoja mwenye pishi moja anahudumia foleni mbili, mchumaji wa huku akiwa anafungua gunia lake anamgeukia wa kule, muda haupotei. Kwa kazi nyingi ndogondogo inasaidia. Lakini ukiweka kwenye kori hiyo moja thredi mbili nzito zinazotaka pishi kila wakati, zinagombania mkono mmoja, na ile kuu uliyokuwa ukiihitaji inapungua kasi.

Kwenye mashine ya namna hiyo kisanduku 0 na 1 ni kori moja, 2 na 3 ni kori ya pili, 4 na 5 ya tatu, 6 na 7 ya nne. Mpwa wangu alikopi 14. Hebu jumlisha: 2 na 4 na 8, yaani visanduku 1, 2 na 3. Thredi kuu kaipeleka kisanduku 1, ambacho ni nusu ya pili ya ile ile kori ya kwanza alokuwa akiikimbia! Na thredi zote za kupakia ramani kazirundika kwenye kori ya pili zinabanana. Kori ya tatu na ya nne kazifunga kabisa, simulata haikuruhusiwa hata kuchungulia. Alikuwa na kori nne anarusha ndege kwa moja na nusu, na kila akiongeza setingi za picha anaona mashine imechoka, akataka hata kuiuza.

Nlipomueleza akanyamaza kidogo, nikajua anajumlisha kwa vidole, afu akasema, "Kwa hiyo mjomba mie mwenyewe ndo nimezifunga." Nikamwambia ndio lakini kufungua ni dakika moja.

Tukapanga upya. Thredi kuu tuliipa kori ya pili peke yake, kisanduku 2, thamani 4, na pacha wake kisanduku 3 tukamwacha mtupu makusudi asije akamsumbua. Afu kori ya tatu na ya nne tukazitoa zote kwa ajili ya ramani, 16 na 32 na 64 na 128. Jumlisha: 244. Kori ya kwanza yote tukawaachia Windows, sauti, na programu zake za hali ya hewa. Wengine wanapendelea 84, ambayo ni 4 na 16 na 64, kisanduku kimoja kwa kila kori kati ya hizo tatu na mapacha wote watupu. Wengine wanazima Hyper-Threading moja kwa moja kwenye BIOS, setingi za kompyuta kabla Windows haijawaka, na hapo visanduku vinabaki vinne na ile 14 inarudi kuwa na maana. Mie naona 244 ni nzuri zaidi kwa mtu anayeruka chini chini kutazama ardhi, kwa sababu ramani inapata mikono mingi, lakini ukizima Hyper-Threading kori zinapoa kidogo na kwa laptopu hilo siyo dogo.

Nisimdanganye mtu. Idadi ya fremu za mpwa wangu haikupanda sana. Kilichobadilika ni ile migando, Heathrow sasa anashuka taratibu lakini kwa mwendo mmoja, na mkono unajua wapi ndege itakuwa. Kwa rubani hilo ndo kubwa. Fremu 25 zinazofuatana sawa ni bora kuliko 40 zinazorukaruka, na ndo maana wengi wanaifungia simulata kwenye 30 badala ya kuiacha ikimbie inavotaka, muda unaobaki kwenye kila fremu unakwenda kupakia ardhi ya mbele.

Mzigo wa mpimaji nao upunguze, maana hiyo inasaidia kuliko namba yoyote. Msongamano wa ndege za simulata, magari barabarani, meli baharini, wingi wa miti na nyumba, hivo vyote vinapita kwenye thredi kuu. Ubora wa rangi na ulaini wa kingo za picha huo ni wa kadi ya grafiki, ukiupunguza wakati tatizo ni prosesa utapata picha mbaya na migando ile ile. Watu wengi wanapunguza hiki cha pili kwa sababu ndo wanachokiona.

Walio na Microsoft Flight Simulator ya 2020 au ya 2024, huu mstari wa AffinityMask hauwahusu. Hizi zinagawa kazi zao kwa kori vizuri zaidi, japo thredi kuu bado ipo na bado ndo inayobana. Ukiwasha hali ya wasanidi ndani ya menyu zake unaweza kuonesha kidude cha FPS (fremu kwa sekunde) pembeni na chenyewe kitakuandikia umebanwa na MainThread, yaani thredi kuu, au na GPU, yaani kadi ya grafiki, hapo huna haja ya kukisia. Ikiwa ni ya kwanza, punguza umbali wa undani wa ardhi na msongamano wa viwanjani, na punguza kasi ya kujibadilisha kwa zile skrini za dashibodi. X-Plane, simulata nyengine, nayo inaweza kukuonesha muda wa prosesa na muda wa kadi mbali mbali.

Prosesa mpya nazo zimekuja na yao. Intel tokea kizazi cha 12, mwaka 2021, nyingi zina kori kubwa na kori ndogo ndani ya kipande kimoja, na ukikopi namba ya mashine ya zamani unaweza kuisukuma simulata kwenye kori ndogo kabisa bila kujua. AMD wao mwaka 2022 walitoa Ryzen 7 5800X3D yenye kachi (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe) ya megabaiti 96, na simulata inaipenda kweli kweli kachi kubwa kwa sababu data zake ni nyingi na zimetawanyika, mpimaji hana haja ya kuinuka kufuata gunia. Lakini kwenye zile kubwa kama 7950X3D kori ziko 16 kwa mafungu mawili ya nane nane na kachi ya ziada iko kwenye fungu moja tu, hapo cha kuhakikisha ni kwamba Windows imeitambua simulata kuwa ni gemu ili iipeleke kwenye fungu lenye kachi.

Kama hutaki kugusa faili, Task Manager yenyewe ina sehemu ya Details, bofya kulia jina la simulata, chagua Set affinity, weka alama kori unazotaka. Ukiifunga simulata inasahau, kwa hiyo ni nzuri kwa kujaribu. Kuna na kuongeza kipaumbele hapo hapo, ukipanda mwisho iwe High, usiguse Realtime, ile inaweza kuinyima nafasi hata mausi na sauti.

Sasa jambo la kwetu visiwani ambalo kwenye maelezo ya wenzetu wa Ulaya huwezi kulikuta. Prosesa ikipata joto sana inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, na kasi ya kori moja ndo kila kitu kwenye simulata. Chumba chetu wakati wa kaskazi, Januari na Februari, dirisha wazi na hewa nzito ya chumvi, siyo sawa na chumba hicho hicho wakati wa kusi. Mtu anaweka setingi Julai zinakwenda vizuri, Januari anasema namba imeharibika. Namba haijaharibika, vumbi limejaa kwenye feni na chumba kimepata moto. Fungua kompyuta usafishe, badilisha ile pesti baina ya prosesa na chuma chake cha kupozea kama ina miaka, laptopu usiiweke juu ya godoro. Wallahi kuna mashine nimeziona zimepona kwa brashi tu.

Na umeme. Laptopu ikiwa kwenye betri prosesa inapunguza nguvu kulinda chaji, kwa hiyo umeme ukikatika ukaendelea kurusha, usichukue vipimo vya wakati ule. Ukirudi, hakikisha mpango wa nguvu wa Windows haukubaki kwenye kubana matumizi. Kama una desktopu tafuta japo UPS ndogo, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, maana ikizimika wakati simulata inaandika faili lake la setingi unaweza kulikuta limevurugika.

Kupima kwenyewe kunataka uaminifu. Usipime kwa kukumbuka, jana ilikuwa hivi leo naona hivi. Hifadhi safari moja, ndege ile ile, saa ile ile, hali ya hewa ya kuwekwa na siyo ya moja kwa moja kutoka mtandaoni, ukaribie kushuka uwanja wenye msongamano. Mie na mpwa wangu tulichukua maili kumi za mwisho za Heathrow. Safari ya kwetu, uwanja wa Karume wa Unguja hadi Chake, kama maili 68 za baharini, ni nzuri kwa kustarehe lakini nyepesi mno, kila setingi itaonekana nzuri. Rusha mara ya kwanza uitupe, maana faili zinakuwa bado zinasomwa kutoka kwenye diski, afu rusha mara mbili au tatu uandike. Badilisha kitu kimoja, rusha tena. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hujui kipi kimekusaidia na kipi kimekuumiza.

Kabla ya yote, likopi fsx.cfg uliweke pembeni na jina jengine. Ukikosea rudisha lile, au futa mstari wa AffinityMask peke yake, au hata ulifute faili zima, FSX ikiwaka itajiandikia jipya lenye setingi za mwanzo. Mpwa wangu lake kaliita "kabla ya mjomba" na bado analo.